Futari ya Kwanza Nyumbani

Juni 2017, Ramadhani imeingia kumi la kati, nilirudisha ufunguo wa kabati, aproni mbili na makoti ya jikoni katika hoteli moja ya Nungwi, Zanzibar. Nikabaki na kisu changu, nilichokinunua mwenyewe nilipomaliza chuo cha hoteli Maruhubi. Nilikizongea taulo, nikakitia mkobani, nikatokea mlango wa nyuma, ule wanaoingizia samaki.

Miaka sita nilikuwa pale. Nilianza kwa kukata matunda, nikapelekwa kwenye samaki, mwisho nikapewa supu na michuzi. Kazi niliipenda, na naipenda hadi leo. Lakini Ramadhani zote zile ziliangukia kati ya Juni na Agosti, wakati hoteli zimejaa, na siku yangu ya mapumziko niliifanyia kazi kwa posho. Magharibi ndiyo saa ya kupanga bufee, basi nilifuturu kwa tende na maji, nimesimama baina ya friza na sinki. Mchuzi siuonji, chumvi naipima kwa pua, kisha namwomba kijana wa vyombo, ambaye hafungi, anionjee.

Hayo niliyazoea. Mwaka ule baba alifariki mwezi wa Rajabu. Nilipohesabu, futari ya mwisho niliyokaa naye mkekani ilikuwa ya 2010. Na sasa mama anafuturu peke yake.

Ndani ya daladala ya 116, kutoka Nungwi hadi tulipopita Mahonda, nilikuwa nikipiga hesabu. Mtoto wa mama mdogo yuko Muscat, anapika mkahawani, na alishaniambia nafasi ipo. Au nitafute meza ya kuuzia chakula Forodhani, ila pale nako kazi ni ya usiku. Au nipike nyumbani, watu waje kuchukua. Lakini mtaani kwetu kila nyumba ya tatu inauza kitu mwezi wa Ramadhani. Fedha niliyokuwa nayo ingefika Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, si zaidi.

Mama hakuniuliza kitu. Alinitazama, akautazama mkoba, akanisogezea mbuzi na nazi mbili zilizokwisha vunjwa. Nikakaa nikakuna, haraka kama nilivyozoeshwa.

"Unakimbizana na nani, mwanangu?"

Nikapunguza mkono. Nilikamua tui zito nikaliweka kando, la pili likaenda na muhogo. Mama alikuwa akichoma mikate ya kumimina, anafunika, anafunua, hana saa wala king'ora, na hata mmoja haukuungua. Nilimtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama walimu wangu jikoni chuoni.

Adhana ikatoka. Tende, maji, kisha muhogo. Nikatafuna tonge la kwanza, nikamwona na yeye ametua.

"Hukuonja?" akaniuliza.

"Nimefunga, mama. Na wewe?"

"Mimi nilijua wewe ndiye mpishi."

Haukuwa na chumvi hata chembe. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na hapo kicheko kikageuka kilio, kwa sababu aliyekuwa akionja futari nyumba ile, tangu sukari ilipomzuia kufunga, alikuwa baba. Nilikwenda kuchukua kopo la chumvi, nikakaa karibu naye zaidi.

Simu ikalia. Ni yule ndugu yangu wa Muscat, anataka jibu. Nikamwandikia kuwa nitampigia tukishatoka Tarawehe.