Maiki isiyopasuka: kumbukumbu ya mradi wangu wa sauti ya gemu

Hali ilivyo

Timu yetu ya Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi kwa timu, ina watu watano: wawili tuko Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mmoja Mombasa, na mmoja yuko Muscat kikazi. Tunaongea kwenye Discord, programu ya maongezi ya mtandaoni. Malalamiko kuhusu maiki yangu ni ya siku nyingi, tena yanapingana. Nikiongea kawaida: "Oya, tunasikia feni tu hapa." Mechi ikichachamaa: "Mwanangu, unatupasua masikio!" Dada wa Mombasa ni muungwana zaidi, ananizima kimya kimya halafu anajifanya mtandao ulikuwa mbovu.

Vifaa vyangu: laptop ya kizamani kidogo yenye Windows 10 na tundu moja la milimita 3.5, hedseti ya waya yenye maiki ya mkono unaokunjika, na feni ya kusimama ambayo kwa joto la huku haizimwi kwa ajili ya gemu. Sharti la mradi ni moja: sinunui maiki mpya mpaka nijue hii niliyonayo ina ubovu gani hasa.

Jumamosi mchana: kupima kwanza

Kusikiliza maoni ya watu hakutoshi, kwa sababu kila mmoja ana hedifoni zake na masikio yake. Nimefungua OBS, programu ya kurekodi na kurusha video, si kwa ajili ya kurusha matangazo, bali kwa ajili ya mita yake ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti): kijani hadi -20, njano hadi -9, nyekundu hadi 0. Hiyo 0 ndiyo dari. Sauti ya kidijitali haina nafasi juu yake. Kwa biti 16 namba kubwa kabisa ni 32,767, na kila kinachotaka kupita hapo kinaandikwa 32,767 hiyo hiyo.

Maneno ya kawaida yalicheza karibu na -8. Feni peke yake, mimi nikiwa kimya, -35. Kisha nikapiga kelele kama ninavyopiga mtu akinitokea mgongoni, na mita ikagonga 0 na kukaa hapo. Nilirekodi kelele hiyo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuvuta picha ya mawimbi yake karibu: vilele vyote vimenyooka juu kama uzio uliokatwa kwa panga. Huko ndiko "kupasuka" kunakotoka.

Chanzo hakikujificha sana. Andika mmsys.cpl kwenye kisanduku cha Run, nenda kwenye orodha ya vifaa vya kurekodia, fungua maiki, sehemu ya viwango. Chini ya kimstari kikuu cha 0 hadi 100 kuna kimstari cha pili cha nyongeza, ambacho kwenye chipu nyingi za sauti za Realtek kinapanda kwa hatua za desibeli 10. Changu kilikuwa +30, mwisho kabisa.

Nyongeza hiyo inafanya kazi kabla sauti haijageuzwa kuwa namba. Kilele kikikatwa hapo, kimekatwa. Ukishusha kiwango ndani ya Discord baadaye, unawapelekea wenzako sauti ile ile iliyopasuka, ila ndogo. Ndiyo maana ule ushauri wa "shusha tu kwenye Discord", ambao nimepewa na kila mtu, haukuwahi kusaidia.

Nimeshusha mpaka +10. Kila kitu kimeshuka kwa desibeli 20 kwa pamoja: maneno -28, feni -55. Kelele haigongi dari tena. Ila sasa nasikika niko mbali.

Jumamosi usiku: vidole viwili

Hapa ndipo nilipotaka kurudisha nyongeza hadi +20, nikajizuia. Nyongeza haichagui, ikipandisha sauti yangu desibeli 10, na feni inapanda 10. Umbali ndio unaochagua. Ukisogeza maiki nusu ya umbali kutoka mdomoni, sauti yako inaongezeka kwa karibu desibeli 6, na feni iliyo mita mbili kutoka hapo haijui kama kuna kitu kimesogea.

Maiki ilikuwa vidole vinne kutoka kwenye midomo. Nimeiweka vidole viwili. Maneno yamepanda hadi -22, feni imebaki -55 pale pale. Desibeli 6 za bure.

Shida mpya ikatokea papo hapo: pumzi. Kwenye gemu hii sentensi tunayoitumia kuliko zote ni "Bomu liko B, bomu B!" (A na B ni sehemu mbili za kutegea bomu), na sidhani kama kuna sentensi inayotesa maiki kuliko hiyo. Kila B ni mpulizo wa hewa unaopiga kapsuli, ile sehemu ya maiki inayopokea sauti, moja kwa moja. Nimeipeleka maiki pembeni, kwenye kona ya mdomo, ili pumzi ipite mbele yake bila kuingia ndani. Kipande cha sponji kutoka hedseti iliyokufa kimemalizia kazi. Nimeirudia sentensi hiyo mpaka dogo akaja kuuliza bomu gani.

Baada ya hapo nikapandisha kidogo sana kile kimstari kikuu cha Windows, si cha nyongeza, mpaka kelele yangu kubwa kabisa ikafika -6. Maneno ya kawaida yanasimama kwenye -20. Nimepima kwa kuanzia na kelele makusudi. Watu wengi wanapima kwa "halo halo, moja mbili", wanaridhika, halafu mechi inaanza na hakuna anayeongea kwa sauti ya "halo halo".

Jumapili: nani anagusa viwango vyangu?

Asubuhi nimekuta kiwango cha maiki kwenye Windows kiko juu kuliko nilivyokiacha. Discord ina kitu kinachopandisha sauti kikidhani uko kimya na kuishusha kikidhani umezidi, na programu nyingine zenye maongezi nazo zinajipa ruhusa ya kugusa kiwango cha maiki. Ukinyamaza ukisikilizia hatua za adui, kinapandisha. Feni inakua polepole. Kisha unapiga kelele ukiwa umeshapandishwa.

Nimezima urekebishaji wa moja kwa moja kwenye Discord, na kwenye Windows nimetoa tiki inayoruhusu programu kumiliki maiki peke yake. Namba sasa zinakaa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kizingiti cha Discord, kile kinachoamua sauti gani ipite. Kikiachwa kijiamulie, kilikuwa kinafunguka nimeshaanza kuongea na kumeza silabi ya kwanza. Ukisema "hayupo A" na "ha" ikaliwa, wenzako wanasikia "yupo A", na watu wawili wanakimbilia mahali ambapo hakuna mtu. Sauti ya h ni pumzi tu, haina nguvu ya kusukuma mlango. Nimekiweka kwa mkono, karibu -45: juu ya feni, chini ya h. Nafasi hiyo ipo kwa sababu ya kazi ya jana. Zamani feni ilikuwa -35 na h zangu zilizama humo humo.

Kupima haya hakuhitaji kusumbua watu. Discord ina kitufe cha kujaribu maiki kinachokurudishia sauti yako, na hapo ndipo nilipozisikia hizo silabi zilizoliwa.

Kichujio cha kelele cha Krisp, ambacho Discord wanacho tangu 2019, nimekijaribu pia. Kinafuta feni, kibodi na hata jogoo wa jirani, na kwa hilo nakipongeza. Lakini kwenye laptop hii kinakula prosesa na fremu (picha za gemu kwa sekunde) zinashuka nikiingia kwenye moshi wa gemu. Nimebaki na kichujio cha kawaida cha Discord.

Katikati ya wiki: mvumo na bluetooth

Kuna mvumo mdogo ulikuwa unakuja na kuondoka. Ukichomoa chaja unakoma, ukichomeka unarudi. Chaja yangu ilikuwa inapitia adapta ya pini mbili, maana yake haina ethi. Nimeichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya pini tatu na mvumo umekwisha. Kwa nyumba ambayo waya wa ethi haukufungwa, soketi ya pini tatu peke yake haitasaidia kitu.

Dogo akaniazima vipuli vyake vya bluetooth. Maiki ikiwashwa tu, muziki wa gemu unageuka kuwa wa simu ya mezani, kwa sababu bluetooth inahamia kwenye mfumo wa simu ambao unachukua sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Nimemrudishia.

Ijumaa usiku: kwa nini napiga kelele hivi

Mechi halisi ya kwanza. Hakuna aliyelalamika, na dada wa Mombasa amejibu kila nilichosema, kwa hiyo hajanizima. Lakini nikiangalia mita, naongea kwa nguvu kuliko nilipokuwa napima. Daktari mmoja wa Ufaransa, Étienne Lombard, aliliandika jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na makelele, anapandisha sauti bila kujijua. Hedseti yangu inaziba masikio, gemu iko juu, sijisikii mwenyewe.

Nimeshusha sauti ya gemu. Na kwenye mmsys.cpl ile ile, kichupo cha mawasiliano, nimekuta Windows imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 kila inapogundua kuna maongezi. Nimeweka isifanye chochote. Nilikuwa nafidia hilo kwa kupandisha gemu. Sauti yangu imeshuka yenyewe.

Kilichobaki ni mnong'ono. Baada ya saa tano usiku bibi analala chumba cha pili na mimi naongea kwa pumzi, -38 hivi, juu kidogo tu ya kizingiti. Sitaki kuharibu viwango kwa ajili yake. Nimewaambia wenzangu wabonyeze jina langu na kunipandisha kila mtu kwake, Discord inaruhusu hadi asilimia 200. Wa Mwanza ameniweka 150 na anasema inatosha.

Kinachofuata ni maiki ya kaka wa Muscat. Kila akifungua mdomo tunasikia AC kwanza, yeye baadaye. Nimemwomba anirekodie mambo matatu: AC peke yake, maongezi, na kelele ya kweli kweli. Ameshatuma mbili. Ya kelele anasubiri majirani watoke.