Noti 368 na Kipande cha Kitenge

Juzi jioni, umeme ulipokatika saa ileile ya kusonga bukari, binti yangu wa maswali alisogeza daftari lake la fedha za umma karibu na mshumaa akaniuliza: "Papa, huu umoja wa hazina, kwamba mapato yote ya serikali yaingie katika mfuko mmoja, uliwahi kuuona kwa macho yako, au ni kitu cha maprofesa tu?" Ana mtihani wiki ijayo. Katika ukurasa aliokuwa ameufungua alikuwa ameandika kwamba Uingereza iliunda mfuko mmoja wa mapato yake ya umma mwaka 1787, na kwamba mwaka 2015 Rais Buhari wa Nijeria aliamuru wizara na mashirika ya serikali yapeleke mapato yao katika akaunti moja kwenye benki kuu. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika: "Tafuta mfano wa kwetu."

Nilimjibu kwamba niliuona, asubuhi moja ya baridi ya Juni 2012, na kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kisha nikajifanya natafuta kiberiti.

Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu baadhi ya wenzangu bado wamo. Ilikuwa huduma ndogo ya serikali hapa Lubumbashi, vyumba vitatu na mwembe mmoja, na chini ya meza yangu kulikuwa na sanduku la chuma la rangi ya kijani ambalo zamani, tuliambiwa, lilibeba risasi. Ufunguo wake niliuvaa shingoni. Aliyekuja kutafuta hati alilipa kwangu, nikamkatia kitansi, yaani risiti, fedha ikaingia sandukuni, na kila mwisho wa wiki sehemu yake ikapelekwa kunakotakiwa. Nasema sehemu. Sanduku lilinunua karatasi, wino wa muhuri na mafuta ya jenereta. Lilitoa mchango wa msiba. Lililipa nauli ya wale wenzetu ambao Leta, yaani serikali, ilikuwa haijawapa namba ya matrikule, ile ya mtumishi aliyesajiliwa, na kwa hiyo haikuwalipa kitu, ingawa walifika kazini kabla yetu. Lilimlipa pia Mama Mapasa, aliyefagia vyumba vyote vitatu na ambaye Leta haikujua hata kama yupo duniani. Siwezi kuapa kwamba hakuna kilichopita njia nyingine. Mchovya asali hachovyi mara moja, na sisi sote tulikuwa na vidole.

Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 ilikuwa imekwisha kutoka, na tulikuwa tumeisikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha mtaa wa pili. Mkaguzi alipofika ndipo tulipoloana. Alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, amevaa koti la sufu kwa ajili ya baridi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye sponji ya kulowanishia vidole. Alitueleza bila kutugombeza, jambo lililotutia hofu zaidi. Leta, alisema, imekuwa kama baba ambaye kila mtoto wake anayefanya kazi anaficha mshahara katika mfuko wake mwenyewe. Siku ya kulipa shule, baba anakwenda kukopa kwa jirani kwa riba, na huku nyumbani kwake mifuko imejaa. Hawezi kujua alicho nacho, hawezi kujua anachodaiwa, na jirani ndiye anayetajirika. Kuanzia siku hiyo ofisi yetu ingetoa noti ya malipo tu. Mwananchi angeipeleka benki, angelipa huko na kurudi na karatasi ya benki, na benki ingeipeleka fedha katika akaunti ya jumla ya Hazina kwenye Benki Kuu ya Kongo. Mikono yetu isingegusa tena falanga hata moja.

"Na mji huu," aliongeza, "ndio usiohitaji kufundishwa." Alikuwa mtoto hapa, Élisabethville ya wakati ule, tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilipojitangaza kuwa nchi, na alikumbuka wakubwa wakizungumza namna kodi za Union Minière, kampuni ya migodi, zilivyoacha kwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, zikabaki hapa, kule serikali ikibaki na mkoba mwepesi. "Nchi yenye hazina mbili," alisema, "ni nchi mbili."

Shefu wetu, ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani, aliuliza: "Na ile asilimia 40 ya kifungu cha 175, Mzee, ambayo Katiba inasema izuiliwe kwenye chanzo kwa ajili ya mikoa, yenyewe iko wapi?" Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akasema tuanze kuhesabu.

Wakati huo noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya falanga 500. Zile za 1,000 hadi 20,000 zilitoka Julai, mwezi uliofuata, kana kwamba zilisubiri tumalize. Kwa hiyo kuhesabu sanduku ilikuwa kazi ya mwili. Tulizimwaga noti juu ya meza mbili zilizounganishwa, na ule unuka wa fedha iliyopita sokoni, wa samaki mkavu, jasho na mafuta ya taa, ukapanda mpaka Shefu akafungua dirisha na baridi ikaingia. Mafungu yangu yote yalifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli. Mkaguzi alihesabu, mimi nikaandika, mwenzangu akarudia kuhesabu. Vitabu vilisema falanga 1,126,000. Nilikuwa na imani na vitabu hivyo, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimevinyoosha.

Meza ilisema 1,310,000.

Alirudia. Ilikuwa ileile. Ndipo alipolichukua fungu moja lililokuwa pembeni, peke yake kati ya yote kutofungwa kwa mpira: lilifungwa kwa kipande cha kitenge cha buluu chenye kifaranga wa njano, upana wa vidole viwili, na fundo lake lilikuwa la mtu anayefunga mtoto mgongoni, fundo lisilofunguka lenyewe. Alilifungua polepole. Noti 368 za falanga 500. Falanga 184,000 kamili, tofauti yote, bila kupungua wala kuzidi.

Nililijua fungu lile kabla hajalishika. Mwezi wa Januari wezi walikuwa wametoboa bati la nyumba ya Mama Mapasa kule Katuba, wakabeba redio na mfuko wa unga, na yeye ndiye alikuwa anatunza fedha za likelemba, yaani upatu, ya wamama kumi wa mtaa wake. Alikuja kazini akilia. Mimi ndiye niliyemwambia: "Lete hapa, Mama. Nani ataiba sanduku la Leta?" Alipangusa macho akanijibu: "Leta yenyewe." Tulicheka sote wawili. Kila Ijumaa aliniongezea kidogo kidogo, nami nikafungua na kufunga, na usiku ule wa kunyoosha vitabu nilikumbuka kila kitu isipokuwa fungu lake.

"Pungufu naielewa," mkaguzi alisema, akilishika lile kitenge kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota nyoka mfu. "Pungufu ina mwizi. Ziada ndiyo inanitisha, kwa sababu ziada ina siri. Hii ni ya nani?"

Mama Mapasa alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alikuwa amesimama na kitambaa cha kupigia deki mkononi, na maji yalidondoka juu ya sementi, tone moja, kisha jingine, na kila moja nililisikia. Hakumtazama mkaguzi. Alinitazama mimi, bila hasira na bila ombi, kama mtu anayesubiri chenji yake. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa maneno machache tu, na baadaye nimeyapanga kwa namna nyingi: Mzee, hii si fedha ya Leta, ni ya mama huyu. Nimejipa pia sababu nyingi za kutoyasema: kwamba kukiri kulala kwa fedha ya mtu binafsi katika sanduku la umma kungenipokonya kazi, kwamba wangeuliza Mama ni nani na analipwa kutoka wapi, kwamba wote wasio na matrikule wangefukuzwa siku hiyohiyo. Sababu hizo ni za kweli, lakini zilikuja jioni. Saa ile niliogopa tu, nikainamisha macho kwenye kitabu.

Naye akainamisha yake. Akapiga deki mlangoni, mahali ambapo palikuwa pamekwisha kupigwa.

"Isiyo na mwenyewe ni ya Leta," mkaguzi alisema. "Andika."

Niliandika, kwa mwandiko ambao walimu wangu waliusifu: Mapato mengineyo, falanga 184,000. Tulitia sahihi watu wanne. Fedha iliingia katika gunia, gunia likaingia katika gari, gari likaenda mjini, na kabla ya saa nane benki ilikuwa imetupatia karatasi yenye muhuri. Lile kitenge lilibaki juu ya meza, nami nikaliweka mfukoni kwa sababu lisingeweza kuandikwa popote.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Kitansi za mkono zilikwisha, na niwe mkweli, foleni ya wale waliokuja "kuzungumza" na Shefu ilikwisha pia. Mwananchi alijua bei kwa sababu iliandikwa kwenye noti ya malipo, na hilo lilikuwa jema. Fedha za uendeshaji ambazo tuliahidiwa kwamba zingerudi kwetu baada ya kuingia katika ile akaunti moja zilitufikia mara mbili kwa mwaka mzima, na mara ya pili zilitosha rimu sita. Waombaji wa hati walianza kuja na karatasi zao wenyewe. Jenereta likanyamaza. Wenzetu wasio na matrikule walipungua mmoja mmoja, bila kufukuzwa na mtu. Njia ya kwenda ilikuwa imejengwa vizuri sana. Ile ya kurudi nadhani mafundi walikwenda kula. Katika sanduku, ambalo sasa liko nyuma ya ofisi bila mfuniko, mlinzi alipanda vitunguu.

Mama Mapasa alifagia wiki mbili zaidi bila malipo. Siku ya mwisho alinikabidhi fagio, nami nikaanza maneno yangu ya kuomba radhi, akanikatiza: "Acha, baba. Watu husema sisi maskini hatulipi kodi. Mimi nimelipa." Hakutabasamu. Wamama kumi wa likelemba aliwaambia nini, sijawahi kujua. Nilianza kumpelekea falanga 15,000 kila mwisho wa mwezi, nikizikata katika mshahara wangu, na kila mara alizihesabu mbele yangu. Mara nane. Kisha akahamia Kasumbalesa kwa binti yake, namba yake ya simu ikaacha kuita, nami, niseme tu, sikuitafuta kwa bidii.

Haya yote nilimweleza binti yangu mshumaa ukiisha. Alisikiliza kalamu ikiwa juu ya karatasi, akaandika maneno mawili au matatu, kisha akauliza kama mwanafunzi: je, hakuna utaratibu wa kudai fedha iliyoingia kwa makosa katika Hazina? Nilimwambia upo, lakini mdai anahitaji kuonyesha kitansi, na kitansi ya Mama Mapasa ilikuwa kitenge. Akageuza kurasa, akanisomea kwamba mapato hayagawiwi kwa matumizi maalumu, kwamba fedha ikishaingia katika mfuko wa wote haina tena jina la aliyeileta, na kwamba ndiyo nguvu ya kanuni yenyewe, maana bila hivyo kila ofisi ingeng'ang'ania kilicho chake. Ni kweli. Ningekuwa mkaguzi ningesema vivyo hivyo.

"Kwa hiyo bado unadaiwa falanga 64,000," alisema.

"64,000," nilikubali.

Akachukua simu yake kukokotoa. Mwaka ule dola moja ilikuwa karibu falanga 920, kwa hiyo deni lilikuwa karibu dola 70. Mwaka 2024 dola ilipita falanga 2,700, na 64,000 zilezile hazikufika dola 24. Aliniuliza nitalipa kwa hesabu ipi nikimpata Mama. Nilimjibu kwa dola, bila kufikiri, kisha nikakumbuka kwamba mshahara wangu wenyewe ni wa falanga.