Komeo la juu

Jana mwanangu wa miaka 4 alifungua mlango akatoka. Nilikuwa nakunja nguo tu! Nikamkuta getini, miguu peku, anampungia mkono kila apitaye. Moyo ulinienda mbio hadi usiku.

Ana Down sindromu: kromosomu ya 21 (nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli za mwili) anazo tatu badala ya mbili. Hatari haitambui upesi, na kwake hakuna mgeni. Leo nimefunga komeo juu kabisa, asikofika, na kengele ndogo mlangoni. Tunarudia neno moja, "Simama!", hata mara mia kwa siku. Na jamani, msimpindue kichwa chini mkicheza naye. Shingo za watoto hawa zinaweza kuwa legevu.

Jioni nilimwambia "simama". Akasimama. Akageuka, akanishika kidole.