Mnyororo wa Baiskeli

Mwaka 2018 nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata nje kidogo ya mji wa Korogwe. Nilibeba kompyuta mpakato yenye programu za PhET za kuigiza majaribio ya sayansi kwenye skrini, mradi alioanzisha mwanafizikia Carl Wieman akiwa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 2002, pamoja na daftari la chuo lililojaa Skinner, Piaget na Vygotsky, wanasaikolojia walioeleza jinsi mtu anavyojifunza. Daftari nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani. Lina uhusiano gani na kompyuta, sikuwahi kujiuliza.

Somo la kwanza la umeme, Kidato cha Pili, nilitumia projekta. Nilibofya, nikaeleza, nikauliza. Aliyejibu sawa alipigiwa makofi ya kilo. Skinner mtupu: jibu, zawadi, jibu, zawadi. Mwalimu mlezi alinipongeza. Mwishoni nikachora betri na balbu mbili zinazofanana, zimefuatana kwenye njia moja ya waya, nikauliza ipi itawaka zaidi. Karibu darasa zima liliandika: ya kwanza, maana inakula umeme kabla ya mwenzake.

Usiku ule nilikosa usingizi. Wazo hilo walikuja nalo kutoka nyumbani, ambako umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, huisha na betri za tochi huisha. Piaget alisisitiza kwamba mtoto huingia darasani na maelezo yake tayari kuhusu dunia. Picha zangu zote za ukutani zilipita juu ya maelezo hayo bila kuyagusa.

Kipindi kilichofuata projekta ilibaki ofisini. Niliwagawa makundi; mengine yakachezea betri za tochi, waya na balbu, kundi moja moja likaja kwenye kompyuta. Hakuna kubofya kabla kila mmoja hajaandika anachotarajia na sababu yake. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini kwa kubishana niliwaachia Kiswahili. Kwa Vygotsky, fikra hukomaa katika mazungumzo na wenzako, na mtu hawezi kubishana huku anatafuta maneno.

Wakabofya. Balbu zikawaka sawasawa. Kijana mmoja akasema kompyuta imekosea. Wakasogea karibu: vitone vya bluu, ndizo elektroni, vilipita balbu ya kwanza, vikapita ya pili, vikarudi kwenye betri, hakikukosekana hata kimoja.

"Madam, mbona havipungui?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikajizuia, na hadi leo nashukuru.

"Ni kama mnyororo wa baiskeli," alisema msichana ambaye hakuwahi kunyoosha kidole kwenye kipindi changu. "Unazunguka wote kwa pamoja. Gurudumu haliuli."

"Sasa kwenye betri kinachoisha ni nini?" kijana akamkabili.

Alifikiri kidogo. "Anayekanyaga ndiye anayechoka."

Kundi zima likaanza kusema kwa wakati mmoja. Kompyuta iliwaonyesha kisichoonekana ndani ya waya. Lakini mnyororo ule aliuleta yeye, kwa sababu alikuwa na watu wa kubishana nao. Ni kompyuta ileile iliyokuwa imeunganishwa na projekta.

Kengele ilipolia nilimwomba ruhusa ya kutumia mfano wake. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake, kabla ya kuwasha chochote kule Mkondo B, niliazima baiskeli ya mlinzi nikaiingiza darasani.