Siku Yangu na Subaru Iliyokataa Kona ya Kushoto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi matatu yetu bado iko Donholm, haijajaa, na simu yangu imeshalia mara mbili. Anayepiga ni kijana mmoja mwenye Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004. "Fundi, naomba unipokee leo. Jana gari limenitoa jasho." Jioni alikuwa akishuka Redhill kutoka Limuru, akaingia kona ya kushoto kwa mwendo anaouzoea, akakata usukani, na gari likaendelea mbele kana kwamba hakuna aliyeligusa. Akaongeza usukani, likazidi kukataa. Alipoachilia mafuta pua ilirudi, lakini magurudumu ya kulia yalikuwa yameshavuka mstari na lori linapanda upande ule mwingine. Nikamwambia alilete taratibu, na asijaribu kitu chochote njiani.

Mimi nashika chini ya gari: shoki, amu, bushi, usukani na alainimenti, yaani kupanga magurudumu yasimame na kuelekea inavyotakiwa. Injini nawaachia wengine. Huu ni mwaka wa 13 niko Industrial Area, kando ya Barabara ya Lunga Lunga, na malalamiko ya aina hii nayapata zaidi kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Wenye magari hayo huamini hayatelezi. Kumbe tairi la mbele la gari kama hilo lina kazi mbili, kuvuta na kukata kona, na mshiko wake ni ule ule mmoja. Ukiutumia wote kuvuta, wa kukata kona hutaupata. Ongeza kwamba injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, basi uzito uko puani tangu kiwandani.

Saa moja hadi saa mbili nilimaliza Probox ya kusambaza mikate. Tairodi mbili, mwenyewe akaondoka.

Saa mbili na nusu Subaru ikaingia. Kabla sijafungua hata boneti huwa nauliza swali moja, na kwangu hili ni muhimu kuliko mashine: "Bosi, linakataa wapi? Ukiingia kona, ukiwa katikati, au ukikanyaga mafuta kutoka?" Likikataa mwanzoni tu, mara nyingi dereva ameingia na kasi kubwa au breki ameziachia vibaya. Likikataa wakati wa kutoka, naangalia mguu wake na difu, ile gia inayogawa nguvu na kuyaruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti. Likikataa kote, kuna kitu cha kupimwa. Akafikiri, akasema kote, halafu akaongeza jambo ambalo hakuliona la maana: "Lakini kulia si sana, ni kushoto." Nikamwomba msichana ninayemfundisha kazi aliandike hilo peke yake kwenye ukurasa.

Kwenye buti alikuwa amekuja na dawa tayari, stabilaiza ya nyuma, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, ya milimita 24, mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Iliyomo ni ya milimita 20. Milimita 4 zinaonekana kidogo, lakini ugumu wa chuma kizima cha mviringo hupanda kwa unene wake ukizidishwa mara nne kwa wenyewe, kwa hiyo hii ni ngumu mara 2 hivi kuliko ya kwanza. Inasaidia kweli: nyuma inabeba sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohamia gurudumu la nje, na mbele inapata nafuu. Tatizo ni kwamba ingelisaidia gari kwa kupunguza mshiko wa nyuma, huku ugonjwa wa mbele ukibaki pale pale. Mvua za Aprili zikianza, lami ya Nairobi ikishapakwa oili na vumbi, gari kama hilo linaweza kugeuka likatazama lilikotoka. Nikamwambia tuiweke kando kwanza. Hakufurahi, na namwelewa, maana pesa zake zimeshatoka.

Saa tatu tulipima presha tairi zikiwa baridi. Mbele 26, nyuma 32. "Nilipunguza," akasema, "zishike vizuri." Kando ya breki ya mkono, kile kigurudumu cha kurekebisha difu ya katikati kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho, difu imefungwa kabisa. Hilo nalo alilifanya mwenyewe, kwa sababu hiyo hiyo. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Naivasha, akasema, tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 hajakosa kwenda kutazama.

Hapo nilikaa naye chini kidogo, kwa sababu alichosikia si uongo, ila ni cha mahali pengine. Kwenye lile vumbi laini la Naivasha, magurudumu yana nafasi ya kuteleza, na difu iliyofungwa inakutoa mtegoni. Kwenye lami kavu hakuna nafasi hiyo. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, basi lazima yazunguke kwa kasi zaidi, na difu ya katikati ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Ukiifunga, nyuma inaisukuma mbele na pua inatoka nje ya kona. Presha nayo ikiwa chini, tairi linajikunja begani na kukanyaga kwa ubavu.

Wazee wa Grogan, kule kwenye gereji za Nairobi, bado wanasimulia jinsi dereva Patrick Njiru alivyoimaliza Safari ya 1993 na Subaru Vivio, gari la injini ya cc 660 tu, na jinsi Colin McRae alivyoshinda ya 1997 kwa Impreza. Nami nazipenda hadithi hizo sana. Lakini magari yale yalipangwa kwa barabara za mbio zile, nasi tunapanga gari la mtu anayerudi nyumbani jioni.

Saa nne tukaenda kwenye uwanja wa ghala moja jirani. Mlinzi wa pale ni mzee tunayeheshimiana naye, hutufungulia asubuhi malori yakishatoka. Niliweka koni kwenye mduara wa upana wa mita 30. Ni kipimo rahisi na ni salama: unazunguka polepole, unaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka pua ianze kuteleza nje, unaushikilia mwendo huo, mwenzako anahesabu sekunde za mzunguko mmoja. Mwendo wenyewe hauzidi kilomita 40 kwa saa, lakini tairi linafika mwisho wa mshiko wake kama lingefika kwenye kona kubwa kwa kasi kubwa. Kabla ya kuanza, msichana wangu alichora mistari ya chaki kwenye kila tairi, kutoka kwenye meno hadi ubavuni.

Kuzunguka kulia, sekunde 8.8. Kuzunguka kushoto, sekunde 9.2.

Kisha tukafungua difu, tukajaza upepo kwa namba za stika ya mlangoni, tukazunguka tena. Kulia 8.6, kushoto 9.0. Pande zote mbili zimepata nafuu, lakini pengo limebaki lile lile. Nilichuchumaa kwenye gurudumu la mbele kulia, ambalo ndilo hubeba mzigo gari likikata kushoto. Chaki ilikuwa imefutika mpaka chini ya ile pembetatu ndogo iliyochorwa begani mwa tairi, yaani tairi limejikunja kupita kiasi. Kushoto ilikuwa imefutika hadi kwenye pembetatu tu. Nikapitisha kiganja juu ya meno: upande wa ndani bado makali, upande wa nje laini kama sabuni iliyotumika.

Saa tano na nusu gari likapanda kwenye mashine ya alainimenti. Kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, kushoto ilisoma nyuzi 1.0 hasi: kichwa cha gurudumu kimeinamia ndani, kama kinavyotakiwa. Kulia ilisoma 0.4 chanya. Gurudumu limeinamia nje. Hapo hapo nikajua kuna mkono wa mtu, kwa sababu gari hili limeshushwa, na Subaru ikishushwa magurudumu huinamia ndani zaidi, si nje.

"Lakini nilifanyiwa alainimenti juzi tu, na gari linaenda moja kwa moja," akasema. Lilikuwa linaenda moja kwa moja kweli. Kemba ya kulia ilikuwa inalivuta kulia, na barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yaende mtaroni. Kasoro mbili zinavutana, usukani unatulia. Huko alikokwenda walirekebisha tou tu, yaani vidole vya magurudumu vinakoelekea, wakamwachia usukani ulionyooka na karatasi.

Tukatoa gurudumu. Kwenye Subaru hii shoki inashikana na nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa bolti mbili. Tundu la juu ni refu kidogo, na bolti inayokaa hapo ina kichwa cha kamu, ukiizungusha unasogeza gurudumu ndani au nje. Kushoto ilikuwa juu, mahali pake. Kulia ilikuwa chini. Juu, kwenye lile tundu refu, palikuwa na bolti ya kawaida, na nako imekaa popote ilipodondokea siku ile nati ilipokazwa. Nikawasha tochi. Juu ya bamba la shoki, katikati ya vumbi na kutu, palikuwa na alama inayong'aa, imepinda kama mwezi mwandamo: ndipo kichwa cha kamu kilipokaa kabla ya kuhamishwa. Shoki zilibadilishwa miezi mitano iliyopita. Aliyefanya kazi ile simjui na sitaki kumjua, lakini mtu alikaza bolti zile, akafuta mikono, akapokea pesa, na kijana huyu akaendesha gari hivyo miezi mitano.

Bolti ya kamu ilikuwa imechunika kwa kulazimishwa kwenye tundu lisilo lake. Msichana wangu akapanda boda hadi Kirinyaga Road, ameishika mkononi kama kielelezo. Sisi tukala chapati na madondo kwa kibanda. Aliporudi saa nane kasoro, alinieleza kwamba duka la kwanza walimpa bolti inayofanana kabisa, akatoa venia, kile kifaa cha kupimia unene, palepale kaunta akaipima, ikawa nyembamba, akaikataa, akaenda duka la pili. Mwaka jana angeileta. Nilimwambia mbele ya mteja kwamba hiyo ndiyo kazi.

Saa nane hadi saa tisa na nusu ilikuwa kazi ya kimyakimya. Bolti kila moja kwenye tundu lake, nati mpya, gari chini kwenye sahani za kuzungukia, kamu inageuzwa kidogo huku macho yako kwenye skrini. Tuliishia nyuzi 1.4 hasi mbele pande zote mbili, ambazo ndizo tulizoweza kupata kwa bolti za kiwandani. Kemba ikibadilika tou nayo inahama, kwa hiyo tou ilipangwa mwisho: mbele sifuri, nyuma imeingia ndani kidogo ili gari litulie. Kila bolti ikakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na juu yake mstari wa rangi nyeupe, ukivunjika tujue imesogea.

Saa kumi mzee alitufungulia tena. Chaki mpya. Kulia sekunde 8.5. Kushoto 8.6.

Nilimpa usukani mwenye gari, nikakaa kando yake. Mizunguko miwili ya kwanza alikuwa bado anakanyaga mafuta mapema, pua ikianza kuteleza anaongeza usukani. Nikamwambia afanye kinyume: legeza mafuta kidogo, rudisha usukani kidogo, ngoja tairi lishike, ndipo uombe kona tena. Kwenye mzunguko wa nne alisubiri. Pua ikaingia ndani ya koni, akalazimika kufungua usukani asizigonge, akanigeukia macho yametoka. "Fundi, linaniskia." Nilifurahi kama gari ni langu.

Saa kumi na moja na nusu alilipa, akatoka taratibu kuelekea Lunga Lunga, akakata kushoto langoni. Stabilaiza yake imebaki kwangu kwenye rafu, na namba ya gari imeandikwa juu ya karatasi. Akirudi baada ya kilomita 500 tutaitazama ile mistari nyeupe, tupime kemba tena, ndipo tuizungumzie.