Maumivu ya Kushuka Loleza
Mwezi uliopita nilipanda Loleza, mlima unaoutazama mji wa Mbeya, na kilichonitesa si kupanda bali kushuka, kwani siku ya pili yake niliteremka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Mtu anaposhuka mteremko, misuli ya mapaja hurefuka huku imekaza ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi hiyo huchanachana nyuzi zake nyembamba. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na misuli inapofanya kazi kwa nguvu, nami naona kosa hilo limedumu mno, maana yenyewe huondoka ndani ya saa chache, ilhali maumivu haya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi hiyo. Nilirudi Loleza wiki mbili baadaye. Mapaja yaliuma kidogo tu, kwani misuli ilikwisha kuizoea kazi hiyo.