Nilihamia Mbagala mara mbili

Mara ya kwanza ilikuwa Julai 2020, kwa kirikuu ya kukodi. Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ya kupokea watalii. Korona ilipoingia nchini mwezi Machi wageni walikatika, ndege zikasimama, na kufika Mei tukapunguzwa. Kodi yangu ya nyumba ya Sinza, hapa hapa Dar es Salaam, ilikuwa ya miezi sita sita, na zamu ya kulipa ilipofika sikuwa nayo. Nikapata chumba na sebule Mbagala, ndani kidogo kutoka Rangi Tatu, mimi na binti yangu wa darasa la tatu.

Nilijiambia ni kwa muda tu, kwa hiyo maboksi sikuyafungua. Sahani nzuri, mapazia, mashuka, picha za mahafali yangu, vyote vilipangwa ukutani na kamba zake za manila. Tulikuwa tunakula kwenye sahani mbili za plastiki. Mtoto akiuliza mbona hatufungui, namjibu, "Tutafungua tukihama."

Riziki ilitoka kwenye vitumbua. Mama yangu alinifundisha tangu udogoni: unaloweka mchele usiku, unausaga na tui la nazi, hamira na iliki, unauacha uumuke, halafu unakaa na chuma chako na kijiti cha kugeuzia. Vitumbua vinataka moto wa wastani. Ukizidi, nje vinaungua na ndani vinabaki uji. Mikono yangu iliijua kazi, ila moyo haukuwepo. Nilikaa barazani nimejifunika kanga hadi puani, nisije nikaonwa na mtu wa ofisini. Mteja akinisalimu, namjibu nikiwa naangalia mafuta. Usiku nalala na simu, natazama picha za wale waliobaki kazini, kifua kinabana.

Kuna jioni moja ya Desemba ambayo mpaka leo ikinijia nasikia uchungu. Binti alirudi na ripoti ya shule. Nikamwambia, "Hebu niache nihesabu hela kwanza." Hakusema neno. Aliikunja mara mbili, akairudisha kwenye begi, akaenda kuvua viatu.

Siku chache baadaye bibi anayekaanga mihogo jirani yangu aliingia kuomba chumvi. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasimama anayatazama yale maboksi.

"Mnahama, mwanangu?"

"Hapana bibi, tumehamia tangu Julai."

Akayatazama tena. "Basi hamjafika bado."

Alichukua chumvi yake, akaondoka. Hakunihubiria. Lakini sikupata usingizi usiku ule. Kumbe miezi mitano yote mwili ulikuwa Mbagala na roho iko Sinza, na mtoto nilimwacha peke yake katikati. Nikakumbuka neno la marehemu mama: kukinai. Tunalisema kwa mtu aliyeshiba chakula, na tunalisema hilo hilo kwa moyo ulioridhika. Madrasa nilikariri hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba utajiri si wingi wa mali, utajiri ni wa nafsi. Niliisema kwa ulimi miaka yote ile bila kuishusha hadi kwenye maisha yangu.

Asubuhi nilichukua kisu, nikakata kamba. Tulianza na sahani za maua. Binti akachagua ya kwake na kuiweka mbali na za wengine. Mapazia ya Sinza yalikuwa marefu kwa dirisha dogo la huku, nikayapunguza, na kipande kilichobaki tukafanya kitambaa cha meza. Ndipo nikamwomba ile ripoti. Alikuwa ameshika nafasi ya tano. Niliisoma yote kwa sauti, mpaka maoni ya mwalimu wa darasa. Ile ndiyo mara ya pili niliyohamia Mbagala, na ndiyo naihesabu.

Niseme wazi: mtazamo haukunilipia kodi. Sipendi mtu mwenye njaa au mwenye maradhi ya moyo aambiwe abadili mawazo, wakati anachohitaji ni chakula au daktari. Mtaji wangu ulikuwa ule ule, kitumbua bei ile ile. Kilichobadilika ni namna nilivyokaa barazani. Kanga niliishusha mabegani. Nikaanza kusalimia mimi kwanza, na kumuuliza mtu amelalaje nikasubiri jibu. Konda mmoja aliyekuwa anapita tu akawa anachukua kumi kila alfajiri, yeye na dereva wake. Zile picha za ofisini nilizifungia zisinifikie, si kwa chuki, ila nilijijua. Na kila jioni kabla ya kuhesabu hela, mimi na binti kila mmoja anataja kitu kimoja kizuri cha siku yake. Siku za mwanzo nilikuwa nabaki kimya natafuta. Yeye hakukosa: leo nimefuta ubao, leo nimepewa embe.

Zipo siku nilirudi nyuma, hasa kodi ikikaribia. Nikijikuta nimeanza tena kusema "kule Sinza", najua niende nikakae na bibi.

Masika ya 2021 mvua ilikamata tangu alfajiri, watu hawakutoka. Vitumbua sitini vikanilalia. Zamani ningelia. Nilivipanga kwenye sahani za maua, tukagawa kwa wapangaji wenzetu, bibi akaleta mihogo na pilipili yake, mwingine chai ya tangawizi. Tulikula kwenye korido, bati likipiga kelele hadi tunasemezana kwa kupaza sauti. Binti akanivuta sikio aniambie kitu chake cha siku ile: mvua.

Usiku nililoweka mchele nusu ya kawaida, maana mawingu yalikuwa bado mazito.